Mama ndiye aliyeona kwanza

SEHEMU YA 1: KOSA LANGU



Niliahidi kuandika kuhusu usonji kwa watoto wadogo, hasa wale waliozaliwa na hitilafu za vinasaba kama Down. Inboksi mmenikumbusha mpaka nikaona aibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, maana kabla ya kuwaeleza wengine inabidi nikiri kitu changu mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa kliniki ya watoto, kituo kimoja hapa hapa mkoani Mara. Kuna mama alikuwa anakuja kutoka upande wa Butiama, mtoto mgongoni, wa kiume, mwenye Down. Siku hiyo mtoto ana miezi 14. Nikampima, uzito umepanda vizuri, nikaweka nukta yangu kwenye kadi, nikafurahi. Mama hakufurahi. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto hanitafuti. Naingia, natoka, yeye hana habari na mimi."

Nikamjibu, "Mama, ni hali yake hiyo. Watoto wa hivi huchelewa. Vumilia tu."

Akasema tena, taratibu, "Lakini kuna mama nafahamiana naye Bunda, ana mtoto kama huyu. Wa kwake anacheka na kila mtu, mpaka kondakta wa basi."

Nikarudia jibu lile lile. Foleni ilikuwa ndefu, mabenchi yamejaa, nami niliona nimeshajibu. Aliondoka.

Nilikutana naye tena mtoto akiwa na miaka minne. Alikuwa amempeleka hospitali kubwa na huko wakamwambia mtoto ana Down na usonji pia, vyote viwili kwa pamoja. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Sista, mimi nilikuambia."

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma. Nilitaka kujua imekuwaje mama aone, nesi mwenye cheti asione. Nikagundua kwamba habari hii ina historia ndefu, na kwamba mimi si wa kwanza kumnyamazisha mama. Basi wiki hii nawaletea historia hiyo, sehemu sita. Chukua chai, mtoto akilala soma moja moja.

SEHEMU YA 2: MAMA WA NORWAY ALIYEKATAA KUNYAMAZA

Tuanzie mbali, nchi ya baridi kali. Kule Norway alikuwepo mama anaitwa Borgny Egeland. Alikuwa na watoto wawili, Liv na Dag. Wote walizaliwa wakiwa wazuri, halafu ukuaji wao ukaanza kwenda kombo. Dag hakuongea wala kutembea. Mama akazunguka kwa madaktari, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anawaambia kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitilia maanani: watoto wangu wana harufu ya ajabu, haiishi hata niwaoge vipi.

Mwaka 1934 akampata daktari mmoja aliyemsikiliza, Asbjørn Følling. Huyu alikuwa amesomea kemia pia. Akaomba mkojo wa watoto, akautia dawa ambayo kwa kawaida ingebaki na rangi ya kahawia. Mkojo ukageuka kijani. Akafanya kazi wiki nyingi mpaka akajua ni kitu gani kile: mwili wa watoto hawa ulikuwa unashindwa kuvunja sehemu moja ya protini iliyomo kwenye chakula, na mabaki yake yalikuwa yanaharibu ubongo. Ni ugonjwa wa kurithi. Leo unaitwa PKU, na watoto wengi waliokuwa hawatibiwi walikuja kuonyesha dalili za usonji.

Kwa Liv na Dag ilikuwa tumechelewa. Lakini miaka ya 1950 madaktari walianza kuwapa watoto wa PKU chakula maalumu kisicho na kile kitu, na mtoto anayeanza mapema anakua vizuri kabisa. Miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye ulemavu wa akili, akabuni njia rahisi: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, linakaushwa kwenye karatasi, linatumwa maabara.

Sasa hapo mama wa Mara usiseme "hayo ni ya Wazungu". Karatasi ile unaijua! Ni ile ile aina ya karatasi tunayotumia kumtoboa kisigino mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, damu inakauka, inapelekwa Bugando, Mwanza. Na wataalamu wa Bugando walifanya jambo la akili: walichukua karatasi hizo hizo zilizokwishapimwa, kutoka mikoa ya kanda yetu hii, wakazipima tena kutafuta selimundu, ile tunayoita sikoseli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, sampuli zaidi ya 17,000. Karibu mtoto 1 kati ya 5 alikuwa amebeba chembe ya sikoseli bila kuumwa, na kidogo zaidi ya 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe.

Sikoseli si usonji. Lakini naitaja kwa sababu ndiyo hitilafu ya vinasaba iliyo karibu zaidi na nyumba zetu, na inaweza kugusa mazungumzo ya mtoto: damu ikiziba mshipa wa ubongo, mtoto anaweza kupata kiharusi. Kwa hiyo mtoto wa sikoseli akiacha ghafla maneno aliyokuwa nayo, au mdomo ukapinda, au mkono ukalegea, usisubiri asubuhi. Hiyo ni dharura ya usiku huo huo.

Somo la leo: ugunduzi ule mkubwa ulianzia kwa mama aliyekuwa anasema kitu kile kile mpaka apatikane wa kumsikia.

SEHEMU YA 3: WALIPOMGEUKIA MAMA

Neno usonji lenyewe lilipata uzito mwaka 1943. Daktari Leo Kanner, akiwa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11. Mtoto wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald. Kabla hajafika, baba yake alikuwa ametuma barua ya kurasa 33 kueleza kila kitu ambacho yeye na mkewe walikuwa wameona nyumbani. Kurasa 33! Daktari alianza na macho ya wazazi.

Na kati ya vitu wazazi wale walivyomweleza Kanner kuna kimoja nataka ukishike. Mtoto wa kawaida, ukiinama kumchukua, anajiandaa: anainua mikono, anakaza mwili, anakutazama. Watoto wale hawakujiandaa. Mama aliyezoea kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga anakielewa hicho bila kuambiwa na kitabu. Mgongo wako unajua mtoto anayekukumbatia na anayekaa tu.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika. Kanner alisema tangu mwanzo kwamba watoto hawa wanaonekana kuzaliwa hivyo. Lakini pia aliandika kwamba wazazi wao ni watu wakavu, hawana joto. Watu wakashika hilo la pili. Ikaenea kwamba usonji unaletwa na mama mwenye moyo wa barafu. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago akatoa kitabu kilichosomwa sana, akieleza kwamba mtoto amejifungia ndani yake kwa sababu wazazi hawakumtaka. Fikiria wewe ni mama, umekesha miaka, halafu daktari anakuambia mtoto haongei kwa sababu humpendi.

Aliyewapinga mapema ni baba mmoja, Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilisema wazi kuwa chanzo kiko kwenye mwili na ubongo, si kwenye mapenzi ya mama. Na mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi, akawaambia hawana hatia. Lakini miaka zaidi ya 20 ilikuwa imeshapita, na wako akina mama waliozikwa na lawama ile.

Tusiwacheke. Kwetu mama analaumiwa kwa maneno mengine tu. Alivunja mwiko akiwa mjamzito. Alichepuka. Amelogwa na mke mwenza. Mkosi wa ukoo. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu katika pwani ya Kenya na kuchapisha mwaka 2015 walisikia yale yale: uchawi, laana, mapepo, pamoja na sababu za hospitali kama homa na shida wakati wa kujifungua.

Sisemi wazee wetu walikuwa wajinga. Walikuwa wanamtazama mtoto kwa makini sana, na walitafuta maana kwa njia waliyokuwa nayo. Hapa Butiama mwaka 1922 mtoto wa Chifu Nyerere Burito alipewa jina Mugendi. Muda si mrefu, kwa ushauri wa mtabiri, jina likabadilishwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Ndiye Mwalimu tunayemjua. Kuchunguza mtoto mchanga ni mila yetu ya siku nyingi. Shida inaanza pale maana inayopatikana inakuwa fimbo ya kumchapia mama, na mtoto anabaki bila msaada.

SEHEMU YA 4: MAPACHA WA LONDON NA WATOTO WA TANZANIA

Jana mmeuliza sana: sasa nini hasa kinaleta usonji?

Mwaka 1977, London, daktari kijana Susan Folstein na mwenzake Michael Rutter walitafuta mapacha ambao angalau mmoja ana usonji. Wakapata jozi 21. Jozi 11 walikuwa mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vile vile. Jozi 10 walikuwa mapacha wasiofanana, ambao ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Kwa wanaofanana, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa na usonji. Kwa wasiofanana, hakuna hata jozi moja.

Ona uzuri wa hesabu hiyo ndogo. Mapacha wote wana mama mmoja, nyumba moja, mapenzi yale yale. Kama tatizo lingekuwa mama, pasingekuwa na tofauti ya aina hiyo. Vinasaba ndivyo vilivyotofautisha.

Ila angalia tena: 4 kati ya 11, si 11 kati ya 11. Kwa hiyo si vinasaba peke yake. Na hapa ndipo Tanzania inapoingia kwenye historia hii.

Folstein huyo huyo, miaka karibu 30 baadaye, alishirikiana na wataalamu wa Tanzania kuchunguza watoto 20 hapa nchini. Walichapisha mwaka 2006. Watoto 14 walitimiza vigezo kamili vya usonji. Na kati ya hao, watatu walikuwa wamekua vizuri kabisa, mmoja mpaka miezi 22, mwingine 35, mwingine 42, halafu wakaugua malaria kali: homa kubwa ya muda mrefu, degedege. Waliponyanyuka, walikuwa wamebadilika. Wazazi walijua tarehe. Walijua mtoto aliyeingia wodini na mtoto aliyetoka.

Watoto watatu ni wachache, hatuwezi kusema malaria inaleta usonji kwa kila mtu. Lakini kwetu sisi wa ukanda wa ziwa, tunaolala na mbu kuanzia Mwigobero mpaka Kibara, ni onyo tosha. Degedege si jini, na mtoto mwenye homa na degedege hapelekwi kwa mganga kwanza. Ni kituo cha afya, haraka, na chandarua kila usiku, siyo msimu wa mvua tu.

Na kwa sababu najua mtauliza: chanjo? Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika juu ya watoto 12 akihusisha usonji na chanjo yenye surua. Jarida lililochapisha liliifuta makala hiyo mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Tafiti kubwa za nchi mbalimbali hazikuona uhusiano huo. Kinachochanganya watu ni kwamba chanjo ya pili ya surua-rubela tunaitoa miezi 18, umri ule ule ambao wazazi wengi huanza kuona wazi kwamba mtoto haongei. Vitu viwili vimekutana njiani tu, kimoja hakikukizaa kingine.

SEHEMU YA 5: "NI HALI YAKE TU"

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya nianze mfululizo huu.

Vinasaba ni maelekezo ya kuujenga mwili, nusu kutoka kwa baba, nusu kwa mama, yamepangwa kwenye kromosomu 46. John Langdon Down, daktari wa Uingereza, alieleza watoto wa aina moja mwaka 1866, na ndiyo maana hali hiyo ina jina lake. Sababu ilikuja kujulikana mwaka 1959 Paris, katika kazi ya Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin: watoto hawa wana kromosomu moja ya ziada, ya namba 21. Mara nyingi inatokea yenyewe wakati yai au mbegu inatengenezwa. Hakuna aliyekosea. Mama mwenye umri mkubwa ana uwezekano zaidi, lakini wadada wa miaka 20 pia wanazaa watoto wenye Down, tunawaona kila mwaka.

Baada ya hapo hali nyingine zikapata majina. Mwaka 1954 kule Vienna, daktari Andreas Rett aliona wasichana wawili wamekaa kwenye mapaja ya mama zao chumba cha kusubiria, wote wanasuguasugua mikono kwa namna moja, kama wanafua nguo isiyoonekana. Aliandika mwaka 1966, na jeni yenyewe ikapatikana mwaka 1999. Mtoto wa Rett anakua vizuri miezi ya mwanzo, halafu anapoteza maneno na matumizi ya mikono. Ipo Fragile X, jeni yake ilijulikana mwaka 1991. Ipo tuberasi sklerosisi, inayoleta uvimbe mdogo mdogo kwenye ubongo na mabaka meupe mepesi kwenye ngozi.

Kwa muda mrefu madaktari walifanya kosa nililofanya mimi. Mtoto akishapewa jina moja, kila kitu kinafunikwa na jina hilo. Haongei? Ni Down. Hakutazami? Ni Down. Wako walioamini kabisa kwamba mtoto mwenye Down hawezi kuwa na usonji. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliounganisha tafiti nyingi, ulionyesha sivyo: dalili za usonji zilikuwepo kwa karibu watoto 16 kati ya 100 wenye Down, karibu 30 kati ya 100 kwa wavulana wenye Fragile X, na karibu 36 kati ya 100 wenye tuberasi sklerosisi. Na watafiti waliowafuatilia watoto wa tuberasi sklerosisi tangu wakiwa wachanga waliona tofauti zinaanza kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Sasa shika hili, na ukiweza liandike nyuma ya kadi. Mtoto mwenye Down anachelewa kuongea, ndiyo. Lakini kwa kawaida ni mtoto wa watu. Anatazama uso, anacheka na wewe, anaiga kupiga makofi, anapunga mkono, anatumia ishara nyingi kuliko maneno. Anapanda ngazi zile zile, ila pole pole. Kwa hiyo mtoto mwenye Down ambaye hakutafuti, haigi, hanyooshi kidole, hafurahii watu, huyo hajachelewa tu. Kuna kitu kingine cha kuangalia. Yule mama wa Butiama alipolinganisha na mtoto wa Bunda, alikuwa anafanya kwa akili yake kile watafiti walichohitaji miaka mingi kukithibitisha. Na mimi nikamwambia avumilie.

SEHEMU YA 6: KADI MKONONI, MACHO KWA MTOTO

Tumefika mwisho. Historia tumeisoma, sasa tufanye nini sisi wa Musoma, Bunda na Butiama?

Tarehe za kliniki unazo tayari. Zitumie kwa kitu zaidi ya chanjo na uzito.

Wiki 6 mpaka 14: anatulia akisikia sauti yako? Anaanza kukutabasamia ukimtabasamia? Anafuata uso wako kwa macho?

Miezi 9: anatoa sauti za ba-ba, da-da? Anageuka ukimwita jina? Anakutafuta ukitoka? Ukijificha nyuma ya kanga na kutokea, anacheka?

Mwaka 1: anapunga bai bai, anainua mikono abebwe, anaonyesha kitu kwa kidole?

Miezi 18: ana maneno machache? Anakuletea kitu ili mkiangalie pamoja, siyo tu ili umsaidie kukifungua?

Mtoto mwenye hitilafu ya vinasaba umpe muda zaidi kwenye tarehe, lakini usimpe msamaha kwenye ngazi. Uliza: anapanda? Hata kidogo?

Mambo manne ya haraka, haya hayasubiri tarehe ya kliniki. Moja, mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno, tabasamu au ishara alizokuwa nazo. Mbili, kichanga anayejikunja ghafla kama ameshtuka, mara nyingi mfululizo, hasa akiamka. Wengi tunasema ni chango. Inaweza kuwa aina ya kifafa inayoumiza ubongo kila siku inayopita, na huonekana sana kwa watoto wa tuberasi sklerosisi na hata wenye Down. Mrekodi kwa simu, mlete na video. Tatu, kiharusi cha sikoseli nilichokisema sehemu ya 2. Nne, homa na degedege.

Kabla ya kusema usonji, masikio yapimwe. Watoto wenye Down hupata sana maji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto asiyesikia hageuki ukimwita. Macho pia: mtoto mwenye ualbino mara nyingi macho yake yanachezacheza na hayaoni mbali, kwa hiyo kutokukutazama kwake si lazima kuwe usonji. Na tafadhali, kuchelewa kuongea hakutibiwi kwa kumkata mtoto kimeo.

Kuna wanaoambiwa waache kuongea Kijita, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo nyumbani eti lugha mbili zinamchanganya mtoto. Hapana. Lugha mbili hazileti usonji. Ongea naye lugha inayotoka moyoni, bibi aongee yake. Mtazame uso kwa uso unapomnyonyesha na unapomwogesha. Akitoa sauti, mjibu, halafu subiri. Ile subira ya sekunde chache ndiyo inayomfundisha zamu ya mazungumzo. Fanya hivyo leo, hata kama majibu ya hospitali ni ya mwezi ujao, kwa sababu mtoto wa kila aina anafaidika nayo.

Pa kwenda: anza kwenye kituo chako, omba barua ya rufaa. Kwa hapa mkoani ni Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, na kwa kanda ni Bugando. Vipimo vyenyewe vya vinasaba havipatikani kirahisi, lakini usikubali hilo liwe sababu ya kukaa nyumbani. Msaada wa mawasiliano hauhitaji kusubiri jina la jeni. Desemba 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa hiyo ukimuuliza mtoa huduma kuhusu makuzi humsumbui, unamkumbusha kazi yake. Na akifika umri wa shule, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Mtafute afisa elimu maalumu wa halmashauri yako.

Jambo la mwisho la historia, la jirani zetu. Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, daktari Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walitaka kuwatambua watoto wenye usonji Kampala na Wakiso. Walianza na maswali 23 wakiwauliza walezi. Yaani kipimo cha kwanza kilikuwa ni kumuuliza mtu anayeishi na mtoto: wewe umeona nini?

Kwa hiyo siku hizi kliniki, kabla sijashika mzani, nauliza swali hilo. Nikisahau, nikumbushe. Ukija kwangu au kwa nesi mwingine yeyote akakuambia "ni hali yake tu", mwambie kwa heshima: "Sista, naomba uandike kwenye kadi nilichokuambia, na tarehe." Kilichoandikwa hakisahauliki kirahisi, na zamu ijayo mwingine atakisoma.

Yule kijana wa Butiama bado haongei kwa maneno. Anatumia picha ambazo mama yake alizikata kwenye maboksi na kalenda za zamani: kikombe, mpira, kitanda, ng'ombe. Akitaka kwenda nje anampelekea mama picha ya ng'ombe. Mara ya mwisho nilipowatembelea alinipa mimi picha ya kikombe. Mama akacheka akaniambia, "Anakuomba chai, Sista, nenda kachemshe." Nikaenda nikachemsha.

Swali la leo, jibuni hapa chini, na akina baba pia: kwa mtoto wako, wewe ulianza kuona nini, na ulimwambia nani? Kama unamjua mama ambaye aliambiwa avumilie tu, mtumie sehemu hizi zote sita.